Tundu Katika Bomba la Serikali

Nina umri wa miaka arobaini na minne, wasomaji wenzangu, nina mke mmoja na watoto watano, na kazi yangu ni ufundi wa chuma hapa Masumbwe. Nina mwili mkubwa. Watu wakiniona nimebeba ekseli ya mkokoteni begani hudhani mimi ni jasiri. Wanajidanganya! Mimi ni mwoga kama kunguru tangu utoto, na haya ninayowasimulia yaliuzidisha woga wangu, hata leo mlango ukibishwa hodi kwa nguvu huwa natafuta ukuta wa kushika kwanza.

Naandika kwa sababu kuna mtu anakaribia kuja nyumbani kwangu... Lakini ngoja nianze mwanzo.

Vita vya Kagera vilikuwa vimekwisha. Sabuni hakuna, sukari kwa foleni, na plau mpya ya ng'ombe huipati hata ulie. Ndipo serikali ikahimiza viwanda vidogo vidogo. Tulisikia redioni kwamba kila wilaya itengeneze zana zake yenyewe, mafundi watapewa mashine, watapewa mafunzo, watapata vyuma kwa kibali. Mimi wakati huo nilikuwa nafua majembe nyuma ya nyumba yangu kwa mivukuto ya ngozi ya mbuzi. Hebu fikirini furaha yangu!

Akaja ofisa kutoka mkoani Shinyanga, kijana mpole tuliyemwita Bwana Viwanda. Aliitazama kazi yangu, akaisifu, kisha akatoa sharti. Serikali haimpi mashine mtu mmoja. Lazima kiwe kikundi, na kikundi kiwe kimekwisha kuandikishwa kabla hajarudi mkoani.

Nimtafute nani kwa haraka ile? Wahunzi wa zamani wa huku walikataa. Kazi yao ni ya ukoo, na mambo ya ukoo hawayaaniki mbele ya mtu mwenye gari. Nikamwendea Shija, mdogo wake mke wangu. Alikuwa kijana mchangamfu, mikono yake myepesi, kila mtu anampenda. Chuma alikuwa hakijui, lakini si atajifunza? Mama mkwe wangu alifurahi mpaka akaniletea kuku. Alisema nimemtoa mwanawe kwenye mashimo ya dhahabu ya Geita, maana huko ndiko alikokuwa akitaka kukimbilia.

Tukajengewa banda la mabati. Tukapewa jiliwa la kubania vyuma, tukapewa na mashine ya kutobolea chuma, yenye gurudumu kubwa la kuzungusha kwa mkono. Wasomaji, mashine ile niliipenda! Mhunzi wa kienyeji hutoboa chuma kikiwa cha moto, kwa msumari na nyundo, na tundu lake hubaki na midomo iliyovimba. Mashine yetu ilitoboa chuma kikiwa baridi. Tundu likatoka duara, safi, hata kidole kikipita hakikwaruzwi. Watu walikuja kutoka Ushirombo kuja tu kutazama tundu!

Kazi ikashamiri. Tulitengeneza mikokoteni, tukakarabati plau, tukafua bawaba za milango ya shule. Serikali ikatupa mabomba ya maji yaliyobaki kwenye mradi wa visima, tuyatumie kwa mikokoteni. Keekee za mashine, yaani vile vyuma vyenyewe vya kutobolea, zilikatika moja baada ya nyingine, na nchi nzima zilikuwa adimu. Ikabaki moja tu. Niliitunza kuliko macho yangu.

Mabomba yakaanza kupungua. Nikamuuliza Shija. Akasema ametengenezea vitanda vya watu. Nikaamini... Shemeji yangu, nisimwamini kwa nini?

Miaka ileile wezi wa ng'ombe walizidi. Zamani walikuja na marungu, sasa wakaanza kuja na magobore. Mwano ukipigwa, yaani ule ukelele wetu wa kuitana, watu walikuwa wanakimbilia wizi ulipo. Sasa wakaanza kusitasita, maana waliotangulia walipigwa risasi. Vijiji vikaamua kujilinda kwa sungusungu, vijana wenye filimbi na pinde, na kiongozi wao tulimwita Mtemi. Hao hawakuwa na mchezo. Mtu akitajwa, ametajwa!

Siku moja wakamuua mzee mmoja jirani yetu zizini kwake, mbele ya wajukuu. Lakini safari hii wezi walikimbizwa hadi mbugani, na mmoja akaangusha gobore lake. Mtemi akaitisha mkutano uwanja wa mnada wa ng'ombe, akalinyanyua watu wote walione.

Nilikuwa nimesimama karibu. Mtutu ulikuwa bomba la maji. Hilo halikunishtua sana, mabomba kama yale mtu aliweza kuyaiba kisimani. Nikatazama pale baruti inapowashiwa. Palikuwa na tundu.

Tundu duara. Safi. Halina midomo.

Jasho lilinitoka hadi kwenye nyayo. Nilitazama huku na huku nikidhani kila mtu ananitazama mimi, kumbe bado hakuna aliyejua. Nilijua peke yangu! Ningesema? Nani angeniamini kwamba mashine ni yangu, tundu ni la mashine yangu, lakini mikono si yangu? Nikanyamaza, wasomaji. Nikarudi nyumbani nikitembea kama mgonjwa.

Nilimfuata Shija bandani. Sikuweza hata kuinua sauti. Nilimwambia nimeona tundu. Alicheka kwanza, halafu akaacha kucheka. Akasema, "Shemeji, ukinitaja mimi umejitaja na wewe. Mwenyekiti wa kikundi ni nani?"

Mwenyekiti ni mimi. Ee Mungu wangu! Yeye alikuwa akiwauzia wezi mitutu, na jina lililo mbele ni langu.

Tangu hapo sikula nikashiba. Filimbi ikilia mbali, nakwenda kukaza komeo la mlango. Mke wangu Tereza aliniuliza nina nini, nikamwambia malaria. Ningemwambiaje kwamba ndugu yake wa tumbo moja ameniweka kwenye ncha ya mshale?

Kisha tangazo likapita. Mzee mmoja alikuwa amelichunguza lile gobore, naye akaona nilichokiona. Mtemi akaamuru mafundi wote wa chuma wa kata yetu waje uwanja wa mnada na vifaa vyao, kila mmoja atoboe bomba mbele ya watu. Atakayetoa tundu lile ajibu!

Asubuhi ya siku ile nilikwenda bandani kupakia mashine kwenye mkokoteni. Shija hayupo. Nikaambiwa ameondoka tangu alfajiri kwenda Katoro. Nikatazama mashine. Keekee haipo!

Nilitafuta chini ya meza, ndani ya majivu, kwenye kopo la mafuta. Nilipekua mpaka vidole vikatoka damu. Hakuna. Mnaelewa maana yake? Nikienda nayo, tundu litanishtaki. Nikienda bila keekee, wataniambia nimeificha!

Nikaenda. Ningekimbilia wapi na watoto watano?

Uwanja ulijaa. Wahunzi wa kienyeji wakatoboa mmoja mmoja, matundu yao yana midomo, wakaruhusiwa wakae. Ikafika zamu yangu. Nikasema keekee imepotea.

"Imepotea lini?" Mtemi aliuliza.

"Leo, baba."

Kicheko kilichopita pale uwanjani sitakisahau. Kisha kikakatika ghafla, na hapo ndipo nilipoogopa kweli. Vijana wenye pinde wakasogea. Mtu mmoja nyuma akapaza sauti kwamba mnapoteza muda wa nini. Mwingine akaitikia. Nilipiga magoti, mtu mzima na mwili wangu huu, nikalia kama mtoto. Nililia kwamba ni chuma kidogo tu, kirefu kama kiganja, kizito, kimesokotwa kama kamba, aliyekiona anihurumie!

Nikamwona Tereza katika kundi la wanawake. Aliposikia maneno yale, uso wake ulibadilika. Akageuka, akatoka mbio kuelekea nyumbani. Nikadhani ananikimbia. Ndugu zangu, katika saa ile niliwaza kwamba hata mke wangu ameniacha...

Mtemi, namshukuru mpaka leo, aliwazuia vijana. Alisema mtu asiguswe kabla maneno hayajaisha. Tukakaa kwenye jua. Mama mkwe wangu naye alikuwapo, ameketi mbele na wazee wenzake, ananitazama kwa huruma kwa sababu hakujua lolote.

Tereza alikwenda mbio, akarudi akitembea. Alitembea polepole kama aliyebeba mtungi uliojaa. Mkononi alikuwa na kitambaa cheusi. Akapita katikati ya wanaume, jambo ambalo wanawake wetu hawafanyi, akapiga goti mbele ya Mtemi, akakifungua.

Ilikuwa keekee yangu.

Akasema Shija alimpitia alfajiri akamkuta anapepeta mtama, akampa kile kifurushi. Akamwambia, "Dada, nitunzie, ni dawa yangu ya safari. Usiifungue, na usimwambie shemeji." Naye akakifukia ndani ya kihenge cha mtama. Wasomaji wa mbali mtashangaa kwa nini hakufungua. Kwetu dawa ya mtu haifunguliwi! Ukiifungua, baya alilokuwa amekingwa nalo litampata. Mke wangu aliogopa kumdhuru mdogo wake. Mpaka aliponisikia nikilia kwamba ni chuma kizito, akaukumbuka uzito wa ile dawa.

Wakaipachika kwenye mashine, nikatoboa bomba. Wakaliweka kando ya lile gobore. Matundu yalikuwa pacha. Lakini sasa kila mtu alijua ni nani aliyekuwa na sababu ya kuificha.

Niliachiwa. Sikuwa na furaha, maana nilikuwa namtazama mama mkwe. Alisimama taratibu, akajifunga kanga yake upya, akamgeukia binti yake. Akamwambia kwa Kisukuma maneno ambayo sitayaandika hapa. Mama hamwambii maneno yale mtoto aliyemzaa. Kisha akaondoka, na wanawake wa ukoo wao wakamfuata.

Shija alikamatwa Katoro akiwa safarini kuelekea machimboni. Polisi wakamchukua, akashitakiwa, akafungwa kifungo kirefu. Wenzake wakakamatwa pia. Ng'ombe wakalala salama. Watu walinipongeza! Bwana Viwanda alirudi akasema kikundi kivunjwe, kiundwe kingine, kazi iendelee, nchi inahitaji mafundi. Hakuwa na kosa yule kijana. Nikaunda kingine.

Lakini nyumbani kwangu... Tereza aliandaa unga akaupeleka kwao, ukarudishwa. Alikwenda kumsalimia mama yake, mlango ukafungwa akiwa uani. Mama yule alipougua hatukuambiwa. Alipokufa hatukuambiwa. Mke wangu alipata habari gulioni, kwa mwanamke aliyekuwa akiuza dagaa, ambaye alimpa pole akidhani anajua. Mazishi yalikuwa yamepita! Akarudi nyumbani, akatua kapu, akawasha moto, akasonga ugali. Akaniita, "Baba Kulwa, chakula tayari." Nilikaa mbele ya ugali ule nikashindwa kunyoosha mkono. Yeye alikula.

Hakuwahi kunilaumu hata kwa neno moja. Afadhali angenilaumu! Angalau ningejua nimesimama wapi.

Sasa sikilizeni kinachonitisha. Nimesikia kwamba Shija amebakiza muda mfupi atoke gerezani. Na tangu habari hizo zifike, mke wangu ameanza kukandika udongo chumba cha uani, kile tulichokuwa tunawekea mkaa. Amekisafisha, amekipaka chokaa, ametandika mkeka. Nilizunguka pale siku kadhaa nikijifanya natafuta koleo. Mwishowe nikajikaza nikamuuliza ni cha nani.

Akasema, "Ni cha Shija. Mama hayupo tena, pengine pa kwenda hana. Wewe si una mimi?"

Nikamwambia sawa. Ningesema nini? Huyu ndiye aliyenitoa kwenye mishale kwa kumtoa mdogo wake na mama yake. Naogopa, wasomaji. Naogopa yule mtu atakuja na moyo gani, naogopa nitakula naye sahani moja nikiitazama mikono yake. Lakini ninachoogopa zaidi ni siku watakapokutana uani, dada na mdogo wake, na mimi nikiwa nimesimama pale, mzima, nimenenepa, na karakana yangu inafanya kazi.

Vijana mnaoitwa leo kuunda vikundi, mnaoahidiwa mashine na mafunzo, chukueni! Serikali inafanya vizuri. Lakini nawasihi, msiandikishe jina la mtu kwa sababu tu gari la ofisa linataka kuondoka. Mwacheni aondoke. Atarudi siku nyingine, na asiporudi mtafua kwa mivukuto ya mbuzi kama nilivyofua mimi, na jioni mtarudi kwa wake zenu wakiwa bado wana mama zao. Tafuteni mtu mnayeijua kazi ya mikono yake, msitafute ucheshi wake, wala msimchukue kwa sababu ni shemeji.

Na kama yupo miongoni mwenu aliyewahi kumpokea nyumbani mtu wa namna hii, naomba aniandikie kupitia gazeti hili. Aniambie siku ile ya kwanza, mtu akishabisha hodi, unamjibu nini.