Mvua Haifungwi kwa Kamba

Mwezi wa kumi na mmoja uliingia bila mvua. Nyuma ya nyumba ya Constance, mahindi yaliyoota kwa manyunyu ya kwanza yalianza kunyauka. Kila asubuhi aliyatazama, kisha akatazama ng'ambo ya njia, ambako jirani yake Mulenga, mfyatua matofali, alianika matofali mabichi. Hasira ilimpanda.

"Ule njo alifunga mvula," alimwambia binti yake. "Matofali yake yakauke, shiye tufe njaa."

Mtaa mzima ulisema hivyo. Mfyatua matofali huogopa mvua. Basi lazima ana dawa ya kuizuia.

Binti huyo, Syntiche, alikuwa na miaka saba, na neno la mama kwake lilikuwa sheria. Mchana ule aliwakusanya wenzake, wakayakanyagakanyaga matofali yaliyofyatuliwa asubuhi mpaka yakarudi kuwa tope.

Madame Adolphine, jirani anayefundisha watoto wadogo wa maternelle, shule ya chekechea, alimleta Syntiche nyumbani amemshika mkono.

"Nani alimufundisha kukanyaga matofali ya Mulenga?" aliuliza.

"Miye," akajibu Constance. "Na weye, mwalimu muzima, unatetea mulozi?"

"Mulozi? Ule papa analisha batoto na ile matofali!"

Maji ya bukari, ugali wa jioni, yalikuwa yakichemka kwenye mbabula, jiko la makaa. Adolphine aliinua kifuniko cha sufuria, akakigeuza.

"Syntiche, unaona nini?"

"Matone, Madame."

"Nani aliyaweka?"

"Hakuna muntu. Moshi wa maji ulipanda."

"Ule moshi njo mvuke. Jua linapasha maji ya mito, ya bahari, ata ya majani ya miti. Mvuke unapanda. Kule juu baridi iko, unageuka matone madogo sana: njo mawingu. Matone yakiungana, yakikuwa mazito, yanaanguka: njo mvula. Maji yanarudi mutoni, yanaanza safari tena."

"Na huu mwaka?" Constance akauliza kwa ukali.

"Upepo wenye kuleta mvuke umechelewa. Ata kule Kambove, ata kule Sakania kukavu. Mulenga iko na kamba ya kufunga upepo wa inchi muzima?"

Syntiche alicheka. Constance alitazama miguu ya mtoto, udongo hadi magotini, akachota maji kuiosha. Hasira ilikuwa imebaki, ila sasa alijikasirikia mwenyewe, si Mulenga.

Siku chache baadaye mawingu yalitanda meusi. Constance alichukua turubai la kuanikia mihogo, akavuka njia pamoja na Syntiche. Mulenga alikuwa peke yake, akihangaika kufunika matofali.

"Umekuya kuona dawa yangu?" aliuliza bila kuinua macho.

"Nilisema mubaya, papa Mulenga. Mutoto alisikia kwangu."

"Weye ulisema tu. Matofali yangu ilikufa kweli."

Constance alikunjua turubai. Mvua ikaanza kuwapiga mgongoni.

"Shika ile pembe, mama," akasema Mulenga. "Vuta."

Matofali mengi yaliokoka. Constance alingoja udongo ulowe hadi chini, akapanda mahindi upya, nayo yakashika. Watoto wa Mulenga wakarudi kucheza na Syntiche. Lakini kwa muda mrefu Mulenga mwenyewe alipita mlangoni pa Constance bila kusalimu. Constance ndiye aliyeanza kumsalimu, kila asubuhi, mpaka siku moja Mulenga akaitika.