Kosa Namba 2217 na Kaburi la Mama Watoto

Nilimkuta mwanaume kasimama juu ya mke wangu, jembe mkononi, keshachimba hadi magotini!

Saa mbili asubuhi. Jua linawaka. Hata aibu hana!

"Wewe! Toka hapo!"

"Shikamoo, mzee."

"Shikamoo ya nini? Umesimama kifuani kwa mama watoto wangu!"

Akaruka nje ya shimo kama aliyekanyaga kaa la moto...

Msicheke, wajukuu zangu wa mtandaoni. Mke wangu ni marehemu, mwaka wa tisa sasa. Yule bwana ni mchimba makaburi, tunamwita Sululu. Na kwenye sehemu ile ya makaburi hairuhusiwi kuweka jiwe wala saruji. Ni nyasi tupu na kibao kidogo cha chuma chenye namba, hata pasipozikwa mtu. Kibao cha mke wangu kinasema 2217.

Sululu akanyoosha karatasi ya ofisi.

"Soma mwenyewe, Mzee Faili. 2217, lipo wazi. Mazishi saa nne."

"Na udongo haukukwambia kitu?"

"Ulikuwa laini mno... nikasema leo Mungu kanihurumia."

Ptuu! Nilitema mate pembeni.

Saa mbili na robo. Saa nne jeneza linafika. Nisipofanya kitu, mgeni analazwa juu ya mke wangu, milele!

Nikashika njia kwenda ofisini.

Sasa mjue, databesi ya makaburi pale, yaani daftari la kwenye kompyuta, niliiweka mimi. Kwa mikono hii! Nilikuwa karani wa mafaili tu, darasa la kompyuta sijaliona hata kwa kuchungulia dirishani. Nilijifunza kwa kitabu kilichopotea kurasa sitini za mwanzo, ndiyo maana nilijua kuzima kompyuta mwaka mzima kabla ya kujua kuiwasha. Na mashine yenyewe ilikuwa kubwa! Nikiiwasha, taa za mtaa mzima zinainama kwa heshima.

Bisheni! Mashahidi wote wako pale makaburini, nendeni mkawaulize.

Aliyerithi kiti changu namwita Bwana Marashi. Anajipulizia manukato mpaka nzi wanapiga chafya.

Nilipofungua mlango nikaelewa kwa nini anayahitaji.

Jamani... kinyaa!

Chumba cha seva, ile mashine yangu kubwa, kimegeuzwa stoo ya matambara ya kupigia deki, mabichi, yananuka. Nyuma ya seva, panya kakauka kama kandambili iliyosahaulika juani. Na kibodi! Nilibonyeza herufi moja, ikakataa kurudi juu. Kidole kikatoka na maganda ya yai.

"Unakula juu ya marehemu wa watu?"

"Babu, karibu kiti. Umepandwa na nini leo?"

"Mke wangu anachimbuliwa!"

"Haiwezekani. Nilitafuta 2217 jana, haikuleta jina. Isipoleta jina, kaburi liko wazi."

Nilijua ugonjwa ule!

Niwaeleze kidogo. Databesi ina kitu kinaitwa indeksi. Ni kama orodha ya mwisho wa kitabu: unatafuta neno, inakupeleka ukurasa. Mashine yetu ni ya zamani, indeksi ikioza inaruka watu. Mtu yumo ndani, lakini ukimtafuta humwoni. Dawa yake ni kuijenga upya.

"Indeksi uliijenga upya lini?"

"Kila Jumatatu najaribu. Inakataa."

"Halafu?"

"Nabonyeza Puuza."

"Kila Jumatatu?!"

"Babu, ni kosa la kawaida. Mbona nimelibandika hapo?"

Akanionyesha kikaratasi pembeni ya kioo, kimekolea mafuta ya vidole: KOSA 2217 — PUUZA.

Nilikishika kwa ncha za kucha...

"Kijana... hii siyo namba ya kosa. Hii ni namba ya kaburi!"

Nikamgongea kioo kwa kidole.

"Mashine inakwambia kaburi 2217 limeandikwa zaidi ya mara moja, ndiyo maana indeksi haijengeki! Inakulilia kila Jumatatu, wewe unaifunika mdomo!"

"Aisee..."

"Tangu lini inakulilia?"

Akajikuna shingo.

"Tangu nilipokabidhiwa ofisi. Miaka minane."

Hapo ndipo kitu kikanichoma ubavuni.

Miaka minane? Marehemu wa leo kaandikwa jana. Sasa huyo wa miaka minane iliyopita ni nani? Nani mwingine yumo na mke wangu?!

"Inuka kitini."

"Babu, mazishi..."

"Inuka!"

Nikafuta kibodi kwa shati langu. Nikaiamuru mashine ipite mstari kwa mstari bila kutumia indeksi, ilete kila aliyeandikwa 2217.

Ikakoroma... ikakoroma...

Mistari mitatu.

Wa kwanza, mke wangu.

Wa tatu, marehemu wa leo.

Wa pili...

Mimi!

Jina langu kamili. Tarehe ya kufa: siku nitakayotimiza miaka mia moja. Aliyeingiza: Mzee Faili.

Bwana Marashi akainama, manukato yakanifunika uso.

"Babu... mbona wewe ni marehemu?"

Kumbukumbu ilinirudia yote kwa mkupuo, kama bomba lililozibuka.

Wiki moja baada ya kumzika, nilirudi kazini na ahadi yangu. Nilimwambia akiwa kitandani, "Utatangulia tu, tutalala pamoja." Nikataka kujiandika naye kaburi moja. Mashine ikagoma, kwa sababu mwenyewe nilikuwa nimeiwekea sheria: kaburi moja, marehemu mmoja.

Nikaizima ile sheria. Dakika tano tu! Nikajiandika, nikajipa na miaka mia kwa ukarimu wangu.

Nilipotaka kuirudisha, ikakataa. Ingekubalije? Tayari tulikuwa wawili ndani.

Nikasema nitarekebisha kesho. Kesho ikawa mwaka, mwaka ukawa kustaafu. Nikapigiwa makofi, nikapewa saa ya ukutani, nikaenda nyumbani.

Nikaiuliza mashine swali moja zaidi: makaburi mangapi yana zaidi ya mtu mmoja?

Kumi na tisa.

Kabla ya siku ile yangu? Hakuna hata moja.

Nilitazama kikaratasi chenye mafuta, panya, maganda ya yai. Kinyaa chote nilichokuja nacho kikageuka, kikanitazama mimi. Marashi aliacha uchafu uzoeleke, sawa. Lakini mlango ulioingiza uchafu niliuacha wazi mimi, Mzee Faili, bingwa wa databesi!

Bwana Marashi akafunga mlango taratibu. Akanong'ona.

"Babu, tusaidiane. Wewe futa mstari wako, mimi nachana karatasi zangu za mazishi. Nani atajua?"

Unajua kilichonichefua zaidi? Wazo hilo nilikuwa nalo tayari. Yeye aliniwahi kulisema tu.

"Chapisha orodha," nikasema. "Yote kumi na tisa. Na langu lianze juu."

"Utajiaibisha uzeeni!"

"Kwani kwenye mashine niko hai?"

Orodha tukaipeleka kwa mkurugenzi. Mimi nikasaini, Marashi akasaini huku jasho linashindana na manukato. Familia zote ziitwe, ziambiwe ukweli.

Lakini saa nne kasoro dakika ishirini ilikuwa imefika, na jeneza liko njiani.

Nikakimbia kwa Sululu. Kukimbia kwangu mimi, kobe alinipita!

"Fukia hapo! Kaburi gani liko wazi kweli? Siyo la kompyuta, la udongo!"

Akachukua fimbo ya chuma, akachoma ardhi hapa, akachoma pale. Akasimama kando ya mke wangu.

"2218. Udongo mgumu, haujaguswa."

2218... Kaburi la jirani! Lingekuwa langu kihalali. Ningeliomba tu kama watu wengine, bila kuzima sheria ya mtu. Miaka tisa lilikuwa pale, linanisubiri.

Nikamwonyesha kwa kidole.

"Chimba."

Wafiwa wakaja, wakasubiri Sululu amalize shimo, tukawaambia ukweli, wakazika. Mjane, mama mmoja mfupi mwenye sauti nzito, akanisogelea.

"Baba, hapa kando kalala nani?"

"Mke wangu."

"Afadhali. Wangu hakupenda kulala peke yake." Akatazama udongo mbichi. "Ila alikuwa anakoroma."

"Hata wangu, mama. Wataelewana."

Akacheka huku analia. Na mimi vilevile.

Nikarudi ofisini, nikafuta mstari wangu. Nikahamisha na wa yule marehemu kwenda 2218. Nikabonyeza kujenga upya indeksi. Kwa mara ya kwanza baada ya miaka tisa, haikuandika 2217. Iliandika 2304, la pili kwenye orodha. Tangu siku hiyo nafika ofisini kila asubuhi, bila malipo, na ndoo yangu ya sabuni. Tumebakiza kumi na moja.

Mimi nimeomba langu kwa fomu, kama raia. Nimepewa 4630. Kule ukutani, karibu na bomba linalovuja.

Wajukuu zangu, kosa likijirudia kila Jumatatu, usilibandikie kikaratasi. Lisome. Na unapomtafuta mjinga aliyelianzisha, tafuta kwa adabu...

Mimi nilimtafuta kwa matusi, nikamkuta kakalia kiti changu, kavaa shati langu.