Mstari kwenye Kioo

Lifti ya jengo lile la maduka ilikwama saa sita mchana, watu saba wakiwa ndani. Huku chini umati ulijaa mbele ya mlango wake, kila mtu na ushauri wake. Mpima macho wa orofa ya tatu alikuwa ameshuka kuchukua kifurushi cha fremu za miwani. Alisimama pembeni na koti lake jeupe lililonyooshwa pasi, akisubiri kama wengine.

Fundi wa lifti aliingia amevaa ovaroli ya buluu, sanduku la zana mkono wa kulia, na mkono wa kushoto mfuko wa plastiki uliojaa maji. Akapitisha macho kwenye nyuso zote, kisha akamwendea yeye.

"Dada, nishikie. Usiutikise tu."

"Kwa nini mimi?"

"Una koti jeupe. Mkono wako hautatetemeka."

Ndani ya mfuko mlikuwa na samaki mdogo kuliko kidole gumba, mwili wa buluu iliyokolea, uso na mgongo rangi ya chungwa. Mpima macho aliushika mfuko dakika arobaini. Wale saba walipotoka, wakihema na kulaumu, fundi aliuchungulia mfuko kabla hata ya kujifuta grisi. Maji yalikuwa yametulia tuli.

"Nilisema," akasema.

Tangu siku hiyo alimwita Mkono.

Nyumbani kwake fundi alikuwa na chumba na sebule, na nusu ya sebule ilikuwa bahari: tangi la lita mia mbili, mawe ya matumbawe yaliyoota mwani, pampu ikinung'unika polepole. Humo aliwafuga malaika wadogo, ndivyo samaki hao wanavyoitwa. Mkubwa alikuwa dume. Yule wa kwenye mfuko aliletwa awe mwenzake. Fundi alimweleza mpima macho kwamba malaika wadogo wote huzaliwa majike, na anayewazidi wenzake kwa ukubwa ndiye hugeuka dume. Kwa hiyo mwenzake sharti awe mdogo sana, la sivyo watararuana mapezi.

"Kumbe cheo ni unene," alisema mpima macho. "Kama ofisini kwenu."

"Huyu afadhali. Angalau analinda mawe yake."

Miezi minane walikaa hivyo, viti viwili mbele ya kioo, wakibishana ni nani kati yao angekuwa dume kama wangekuwa samaki. Kisha fundi akatumwa mji mwingine wiki tano kufunga lifti mpya. Alimkabidhi ufunguo wa nyumba. Akiwa anafuta kioo, mgongo umemwelekea, alisema, "Nikirudi tuoane."

"Geuka basi uniambie mimi. Samaki hawaolewi."

Aligeuka, akarudia. Akajibiwa ndiyo.

Kwenye kioo alichora mstari kwa kalamu ya wino mzito, na chini yake akabandika karatasi: *Maji yakishuka chini ya mstari, ongeza. Chakula kidogo, mara mbili.*

Mpima macho hakuwa mtu wa kuruka hatua. Kila Jumapili alikuwa amemwona fundi akibadilisha maji: anakoroga chumvi kwenye ndoo, anatumbukiza kipimo cha chumvi, anangoja kisome ishirini na tano. Basi naye kila asubuhi kabla ya kazi alikoroga chumvi, akapima ndoo, akamimina hadi mstarini. Lakini maji yanapopaa kama mvuke, chumvi haipai nayo. Kinachopungua ni maji matupu, na ndicho kinachotakiwa kurudishwa. Kwa fundi jambo hilo lilikuwa wazi kiasi kwamba hakuona haja ya kuliandika. Kwa siku ishirini na tisa chumvi iliongezwa juu ya chumvi.

Siku ya ishirini na tisa yule mdogo alilala ubavu kati ya mawe, akihema mbiombio. Kufikia mchana alikuwa amekufa.

Alikwenda kwenye duka la samaki wa mapambo, na muuza samaki akamuuliza swali moja tu: alikuwa akiongeza maji gani? Ndipo akapima tangi lenyewe kwa mara ya kwanza. Thelathini na nne.

Jioni simu ililia, kama kila jioni.

"Mkono wangu, watoto wanakula?"

"Wanakula kukushinda wewe."

"Wote wazima?"

Alitazama tangi. "Wote."

Dada yake mkubwa alimshauri afunike kombe mwanaharamu apite; samaki ni samaki, nani atamjua? Akalifunika. Alishusha chumvi kidogo kidogo kwa siku nne, akamnunua mwingine wa rangi zile zile. Dukani alikuwapo mmoja tu, karibu sawa na dume kwa ukubwa. Alikumbuka alichofundishwa. Akamnunua hivyo hivyo.

Fundi alirudi, akawasha taa ya tangi, akasimama kidogo, akasema chai aliyopikiwa itapoa. Kwa siku kumi na moja, kila asubuhi mpima macho alipopita kabla ya kazi, alimuuliza kwa sauti ya kawaida, "Samaki wanaendeleaje?" Naye alijibiwa wazima. Habari ya ndoa haikutajwa tena. Siku ya kumi na mbili mpima macho alishindwa kuvumilia.

"Kuna nini?"

"Nilijua si yule nilipowasha taa. Mapezi yake yameraruka."

"Mbona hukuniuliza?"

"Nimekuuliza mara kumi na moja."

Mpima macho alikaa. Alieleza yote, kuanzia ndoo ya kwanza. Kisha akasema, "Uliandika ongeza maji. Hukuandika maji gani."

Fundi aliisoma ile karatasi kama mwandiko wa mtu mwingine.

"Kweli," akasema. "Samaki nimemuua mimi. Ungeniambia siku ile ile, ningeomba radhi mimi."

"Niombe radhi sasa."

"Nisamehe." Alibandua karatasi, akaikunja. "Lakini mimi naning'inia kwenye mashimo ya orofa kumi, Mkono. Aliye juu akiniambia waya uko salama, naamini, nashuka. Sijui kuishi na mtu ambaye lazima nimkague."

Alilia, akaomba, akaapa. Fundi naye alilia. Hakuna kilichobadilika.

Mwezi uliofuata fundi aliomba uhamisho. Tangi na yule samaki mgeni vilichukuliwa na muuza samaki. Dume alisafiri na mwenyewe. Mpima macho alikuja kurudisha ufunguo na kumkuta mlangoni, mizigo miguuni, mfuko wa plastiki mkononi. Fundi alihitaji mikono miwili kufunga mlango. Alitazama huku na huku. Hapakuwa na mwingine.

"Nishikie."

Aliupokea. Alibana viwiko ubavuni, akazuia pumzi, lakini maji yalitikisika, duara ndogo ndogo zikikimbia juu yake, na samaki akazunguka humo akitafuta pa kujificha.

Fundi aliyaona. Alifunga mlango, akauchukua mfuko taratibu.

"Asante, dada," akasema, akabonyeza kitufe cha lifti.