"Wa Moyoni" Kwenye WiFi ya Mke Wangu

"Vifaa vilivyounganishwa: 2."

Wadau, nilisoma mara tatu!

Kile kiWiFi cha mkononi nilimnunulia mke wangu mimi mwenyewe. Ni mpima ardhi, kila siku yuko safarini, na mtandao wa huko aendako unakuja na kupotea. Nikamwambia, "Kijaze chaji, kitie mkobani, utakuwa hewani popote."

Ila sikumwambia kwamba kwenye simu yangu namwona kila anayekitumia.

Mimi ni fundi simu bwana. Na nina wivu, nakiri!

Kifaa cha kwanza, simu yake. Cha pili...

"Wa Moyoni."

Wa Moyoni!! Bisibisi iliniponyoka ikadondokea kioo cha simu ya mteja.

Nikamwandikia: "Uko na nani?"

"Niko bize, mume wangu. Nitakupigia."

Bize! Na huyo Wa Moyoni anakula bando langu kwa raha zake...

Nikampigia mama yangu kwa mtandao. Ni mjane, anaishi peke yake mji wa mbali kidogo, na mkwewe anampenda kuliko anavyonipenda mimi.

"Mama, mkweo ana bwana!"

"He! Nani kakwambia?"

"WiFi!"

Nikasikia mtu anakohoa karibu yake. Sikujali.

"Mwanangu, hebu tulia kwanza..."

"Situlii! Huyo mwanamke asikanyage kwangu tena. Nguo zake atazikuta mlangoni!"

"Usitamke hivyo! Nisikilize, mimi ndiye..."

"Ngoja mama, namkata huyo bwana yake hewani sasa hivi!"

Nikagusa jina lake. ZUIA.

"Mwanangu, usi..."

Simu ikakatika.

Nikatazama mtandao wangu, umejaa. Nikapiga tena, mama hapatikani. Hapo ndipo nilipokumbuka...

Mama alinunuliwa simu yake na marehemu baba. Aliileta kwenye meza yangu hii hii niiwashe, akaniambia, "Jina andika Wa Moyoni. Ni ya mama yako hiyo."

Niliandika mimi, jamani! Kwa vidole hivi hivi!

Mke wangu akapiga, simu ya video. Mama yuko kwenye kitanda cha hospitali, jicho moja limefungwa bandeji. Mke wangu pembeni, macho mekundu.

"Mama ametolewa mtoto wa jicho. Hakutaka ujue, alijua utapaniki. Nimeomba ruhusa kazini nimuuguze."

"Mke wangu, mimi nili..."

"Aliweka spika. Nimesikia yote."

Mama akadakia:

"Hizo nguo zake zikunje vizuri uzilete kwangu. Atakaa na mimi mpaka jicho langu lipone, na wewe ujifunze kuona!"

Leo ni wiki ya pili. Nimesimama nje ya geti la mama na sanduku, nimegonga mpaka nimechoka. Ndani nawasikia wanacheka.

Jamani, msiwe kama mimi. Mke mwema nilikuwa naye, nikamhukumu kwa jina moja kwenye kioo.

Nikatoa simu nimwombe msamaha kwa mara ya arobaini. Ikanionyesha WiFi iliyo karibu, ile ile niliyomnunulia. Amebadilisha nenosiri.

Na jina pia. Sasa inaitwa "Ungeuliza Kwanza."