Visu vya Shaba vya Mzee Liang

Jumanne, saa tano asubuhi. Soko la nguo la Guangyuan Xilu, 1998.

Nyuma ya marobota ya jinzi, Agustino alichora stoo juu ya kipande cha boksi.

"Saa saba mzee analala. Sanduku liko chini ya kitanda. Tunalifunga ndani ya robota, tunatoka na toroli kama wabebaji wengine. Dakika kumi."

"Asiguswe," Yustina alisema.

"Nani amguse, mke wangu?"

Salvatory, mwenzao, alicheka. Yustina hakucheka. Siri ya sanduku ilitoka kinywani mwake.

Mzee Liang, mwenye stoo, alimwita Yustina "mwanangu". Mwaka mzima alimnywesha chai, na siku moja akamfunulia sanduku: sarafu za shaba zenye umbo la visu, za zaidi ya miaka elfu mbili, zimeshika kutu ya kijani. Mwaka 1948, vita vikiwa vimepamba moto, serikali ya siku zile iliamuru watu wapeleke dhahabu na fedha benki, wapewe noti mpya. Baba yake alipeleka zote. Haukupita mwaka, noti zile hazikununua hata mchele. Visu vilibaki kwa sababu benki haikutaka shaba. Ndio urithi wake wote. Na Yustina akaenda kumsimulia mume ambaye mtaji wake ulikuwa umekufa na kontena la jinzi mbovu. Fadhila za punda ni mateke.

Saa saba na dakika ishirini.

Soko zima lilisinzia. Liang alikoroma, kofia usoni. Yustina alishika mlango, sanduku likatoka. Mzee akajigeuza tu.

Jumatano, saa nne asubuhi. Xintang.

Salvatory, aliyekuwa na kibarua kwenye kiwanda cha kufulia jinzi, alitokea na ndoo ya sarafu, meno yote nje.

"Bosi, zilikuwa na kutu! Nimezizungusha kwenye mashine, na mawe na dawa. Ona zinavyong'aa!"

Saa sita mchana.

Mnunuzi kutoka Hong Kong aliinua moja, akairudisha.

"Bu yao. Sitaki. Ile kutu ndiyo ilikuwa umri wake. Mmeiosha."

Agustino alimzaba Salvatory kofi. "Katupe mtoni!"

Yustina akaikumbatia ndoo. "Namrudishia mwenyewe."

"Ukienda huko, mimi sikujui."

"Agustino. Miaka tisa ya ndoa?"

"Sikujui." Akapanda teksi ya kwenda Huangpu, bandarini. Hakugeuka. Yustina akabeba ndoo, akaenda.

Saa tisa alasiri, stoo ya mzee.

Askari wawili walikuwa wakiandika. Mzee Liang amekaa kitandani, amenyauka. Yustina alipiga magoti, akaweka ndoo.

"Baba, mwizi ni mimi. Sarafu zako ndizo hizi. Nisamehe."

Mzee alichukua moja, akaipapasa kwa kidole gumba, akitafuta ukijani. Akairudisha taratibu.

"Wamekuuzia feki, mwanangu. Hizi si zangu." Akawageukia askari. "Huyu binti hajaiba. Amenunua za uongo ili nisilie."

Yustina aliapa kuwa ndizo zenyewe. Akalia, akaapa tena. Askari wakafunga daftari, wakaondoka. Mzee akammiminia chai.