Kwa Nini Kumbukumbu Mpya Ilikwenda Polepole

Mtaani walimwita Mama Ramani, kwa sababu alichora ramani za nyumba. Ofisi yake ilikuwa pembe moja ya sebule. Palikuwa na meza, kiti chenye mto, kompyuta, na pazia la kuwazuia watoto wasipite na vikombe vya maziwa. Asubuhi mumewe, fundi wa vigae, alibeba ndoo yake akaenda kazini. Watoto nao walikwenda shule. Hapo Mama Ramani alifuta meza, akawasha kompyuta, akaanza kazi.

Siku hizi wateja hawakuridhika na mistari kwenye karatasi. Walitaka kuiona nyumba kabla haijajengwa. Walitaka waingie mlangoni, wageuke kushoto, waone jiko liko wapi. Mama Ramani alijua kuchora nyumba za namna hiyo. Lakini picha ikianza kutembea, kompyuta iligoma kama punda.

Siku moja alikuja muuza mbao pamoja na mama yake mzee. Walitaka kujenga nyumba ya kuishi pamoja. Mama Ramani akawaonyesha kazi aliyoianza. Picha ikapita barazani, ikapita sebuleni. Ilipofika mlango wa jikoni, ikaganda.

"Mbona hatuingii?" bibi akauliza.

"Subiri kidogo, mama. Inafikiri."

Bibi akasubiri, kisha akamgeukia mwanawe. "Nyumba haijajengwa, na mlango umeshakwama!"

Wakacheka wote. Mama Ramani alicheka kwa meno tu. Moyoni alikuwa anaungua.

"Tutarudi Jumamosi," alisema muuza mbao. "Tukiiona yote vizuri, tutaamua."

Mama Ramani aliamua kununua kumbukumbu mpya ya kompyuta, ile ambayo mafundi huiita ramu. Akamtuma shemeji yake, mdogo wa mumewe. Kijana huyo alisambaza vifurushi kwa pikipiki, na kila siku alipita kwenye maduka ya mjini. Kwa kuwa hakai mahali pamoja, nyumbani walimwita Upepo.

Upepo alirudi na boksi dogo. Ndani mlikuwa na vipande viwili vyembamba. Juu ya boksi iliandikwa 3200, namba ya mwendo wa kumbukumbu hiyo. Alifungua kompyuta, akatoa kumbukumbu ya zamani, akapachika mpya, akafunga.

"Tayari, shemeji. Sasa itakimbia mpaka uiombe ipumzike!"

Akawasha pikipiki, huyo akaenda zake.

Mama Ramani akafungua ile nyumba ya muuza mbao. Kweli, faili lilifunguka upesi kuliko zamani. Lakini picha ilipoanza kutembea, bado ilirukaruka. Akafungua ukurasa unaoonyesha hali ya kompyuta. Ukubwa wa kumbukumbu ulikuwa sawa. Mwendo uliandikwa 2133.

Akalitazama boksi: 3200. Akatazama kioo: 2133. Damu ikamchemka.

Jioni Upepo alikuja kula. Hata kijiko hajakishika, Mama Ramani akamwuliza, "Shemeji, hizi ramu ulizinunua wapi?"

"Duka la pale kona. Kwani vipi?"

"Boksi linasema 3200. Kompyuta inasema 2133. Ama umeuziwa feki, ama..."

"Ama nini?"

"Ama umenunua za bei ya chini ukazitia kwenye boksi zuri."

Ulimi hauna mfupa. Neno lilishatoka. Upepo akasimama polepole.

"Shemeji, tangu umekuja kwetu, nimewahi kukudanganya?"

Hakungoja jibu. Alichukua kofia yake ya pikipiki akatoka. Chakula kilibaki mezani.

"Hilo neno lilikuwa zito, mke wangu," alisema fundi wa vigae.

"Namba hazisemi uongo."

"Hazisemi uongo. Lakini wewe umezielewa?"

Mama Ramani akainuka. Alikusanya sahani.

Kesho yake asubuhi alilichukua lile boksi tupu ili aende kugombana na mwenye duka. Kwenye ngazi alikutana na jirani wa ghorofa ya juu, akishuka na beseni la nguo za kuanika. Jirani huyo alikuwa mwalimu wa kompyuta katika chuo cha ufundi.

"Jirani, mbona umekunja uso hivyo? Nani kakuudhi asubuhi yote hii?"

Mama Ramani akamweleza yote. Mwalimu akaweka beseni chini.

"Usiende dukani kwanza. Huenda hakuna aliyekuibia. Ngoja nianike hizi nguo, nije tuitazame."

Alipokuja, alivuta kiti akakaa.

"Sikiliza, dada. Kumbukumbu ni kama meza ya kazi. Vitu unavyovitumia sasa hivi vinawekwa hapo. Ukiongeza ukubwa, meza inakuwa pana. Lakini kuna jambo la pili: vitu vinawekwa na kuondolewa mezani kwa kasi gani? Hiyo ndiyo namba ya mwendo."

"Basi mbona mwendo wangu ni mdogo kuliko wa kwenye boksi?"

"Kwa sababu kompyuta haikimbii bila kuambiwa. Ikipata kumbukumbu mpya, huanza na mwendo wa salama, ambao karibu kila mashine ya aina hii inauweza. Mwendo wa kwenye boksi ni ule ambao kumbukumbu imepimwa kuuweza. Umeandikwa ndani ya kumbukumbu yenyewe. Lakini ni lazima mtu auruhusu."

"Auruhusu wapi?"

"Kwenye mipangilio ya ubao mkubwa wa ndani, ule unaobeba vyombo vyote. Lakini kwanza tujue kama ubao wako na kichwa cha kompyuta yako, yaani prosesa, vinaukubali mwendo huo."

Walitafuta kitabu kilichokuja na ubao huo. Vyote viwili vilikubali 3200.

"Na kwangu itasaidia?" Mama Ramani akauliza. "Au nitabadilisha namba tu?"

"Swali zuri. Kwa mtu anayeandika barua, hataona tofauti. Wewe unachora nyumba zinazotembea, na kompyuta yako haina kadi yake ya picha. Inaazima kumbukumbu hii hii kutengeneza picha. Kumbukumbu ikienda taratibu, picha nayo inachechemea."

Mwalimu akamwambia ahifadhi kazi zake zote kwingine. Kisha akamwambia azime kompyuta na achomoe waya wa umeme.

"Gusa chuma cha kasha kabla hujagusa kitu ndani. Mwili wako huwa na umeme kidogo, na unaweza kuua chombo."

Wakafungua. Palikuwa na nafasi nne za kumbukumbu. Upepo alikuwa amepachika vipande viwili bega kwa bega, nafasi ya kwanza na ya pili.

"Hapa pana kosa dogo," alisema mwalimu. "Vikikaa hivi, vinagombea njia moja. Kitabu kinasema nafasi ya pili na ya nne. Hapo kila kimoja kina njia yake. Toa wewe mwenyewe. Leo mimi ni mdomo, wewe ni mikono."

Mama Ramani akatoa vipande, akavipachika upya, akabonyeza mpaka vikalia ta! Wakarudisha waya. Alipowasha, mwalimu akamwambia abonyeze kitufe cha kufuta, kile kilichoandikwa Del, tena na tena. Ukatokea ukurasa ambao hajapata kuuona. Kwenye sehemu ya kumbukumbu palikuwa na mstari ulioandikwa XMP. Ulikuwa umezimwa.

"Ndiyo huo, ruhusa ya mwendo wa kwenye boksi. Ubao mwingine huuita jina tofauti kidogo. Uwashe. Usiguse namba nyingine yoyote. Kisha hifadhi, utoke."

Akafanya hivyo. Kioo kikawa cheusi. Feni ikazunguka, ikasimama, ikazunguka tena. Kioo bado cheusi.

"Mwalimu! Nimeiua!"

"Hujaiua. Inajaribu mwendo mpya. Ikishindwa, mara nyingi hurudi yenyewe kwenye mwendo wa zamani. Tulia."

Mama Ramani alishika kingo za meza. Mara kioo kikawaka. Akafungua ukurasa wa hali ya kompyuta. 3200.

Alitaka kushangilia, lakini mwalimu akainua kidole. "Bado. Kuwaka si kupona. Tuipime."

Wakaanzisha kipimo cha kumbukumbu, wakakiacha kifanye kazi wakati Mama Ramani anapika. Kilipomalizika, hakikuonyesha kosa hata moja.

"Kingeonyesha makosa, au kompyuta ingejizima ovyo, tungeshusha mwendo kidogo," alisema mwalimu. "Afadhali kwenda taratibu kuliko kuharibu kazi za watu."

Mama Ramani alimshukuru. Kisha akavaa viatu. Hakutaka kupiga simu. Neno zito aliloliweka mezani, aliona ni haki alitoe kwa mdomo wake, uso kwa uso.

Alimkuta Upepo kwenye ghala la vifurushi, anafunga mzigo kwenye pikipiki. Wenzake walikuwa karibu. Mama Ramani hakumvuta pembeni.

"Shemeji, nimekukosea. Ramu ni nzima, na wewe ulileta ulichotumwa. Mimi sikujua, na badala ya kuuliza nikakutuhumu. Naomba unisamehe."

Upepo alikaza kamba kwanza. Kisha akageuka.

"Iliniuma, shemeji. Sikufichi. Lakini yamekwisha." Akafikiri kidogo. "Kwani zilikuwa na nini?"

Mama Ramani akamweleza habari ya mwendo wa salama, mipangilio, na nafasi ya pili na ya nne.

"Kumbe!" Upepo akashika kichwa. "Basi hata mimi nina langu. Nilizipachika kwa haraka ili niwahi mteja. Kitabu sikukifungua."

"Leo uje ule."

"Nitakuja. Na uniandalie kilo mbili za nyama ya radhi."

Jumamosi muuza mbao na mama yake walikuja. Nyumba ikafunguka kwenye kioo. Wakapita barazani, wakapita sebuleni, wakaingia jikoni bila kusita. Bibi akasogeza kiti mbele.

"Hilo dirisha liko juu sana," alisema. "Mimi napikia nimekaa. Nitaona ukuta tu."

Mama Ramani akalishika dirisha kwa kipanya, akalishusha. Picha ilifuata mkono wake, haikuruka, haikuganda. Nje ya dirisha ukaonekana ua, na njia ya kutoka getini.

"Shusha kidogo tena," alisema bibi. "Hapo. Hapo nitawaona wajukuu wakija."

Muuza mbao alimtazama mama yake, kisha akamtazama Mama Ramani.

"Umesikia mwenyewe," alisema. "Chora hivyo hivyo. Jumatatu tunaanza msingi."