Matete ya Maisaka

Nusu ya matete ilikuwa imetoweka.

Inspekta Herieli alisimama kwenye ukingo wa bwawa la mwisho la mtambo wa majitaka, Maisaka. Maji ya vyoo na bafu hupita hapa, katikati ya kokoto na mizizi ya matete, yakisafishwa kabla ya kuachiwa mtoni. Sasa yalitoka meusi, yakinuka.

"Yaliyobaki yamekanyagwa," alisema Adrian, msimamizi wa mtambo. "Mlinzi wangu, Marcelino, mnaye kituoni. Kufuli halikuvunjwa, na ufunguo anao yeye peke yake. Ameuza matete ya kuezekea. Ijumaa anafukuzwa kazi."

Herieli alichuchumaa. Anayeezeka huchukua mabua yaliyokomaa. Hapa yaliyokomaa yalikuwa yamesimama. Machanga ndiyo yaliyokatwa kwa mundu, na visiki vimeachwa urefu wa kiganja ili vichipue tena.

"Paa halihitaji majani laini," alisema. "Haya yamekwenda kulisha mifugo."

Alizunguka uzio wa minyaa. Upande wa kijiji cha Nakwa matawi yalikuwa yamevunjika, utomvu mweupe umekauka juu yake. Mtu alipita hapo na mzigo. Kufuli halikuhusika.

Akiwa mahabusu, Marcelino alijibu kwa ufupi.

"Nani alikuomba majani?"

"Kiangazi hiki kila mtu anaomba, afande. Sikumpa mtu hata jani."

"Majina?"

"Kuomba si kuiba. Simtaji mtu."

Herieli alikwenda Nakwa, akapita banda hadi banda. Ng'ombe wa huko hufugwa ndani na kuletewa chakula. Mwezi huo kila hori lilikuwa na mabua makavu ya mahindi, na mavi yalikuwa magumu, ya kahawia. Hori la Mama Theodory lilikuwa na mabua yaleyale. Mavi yalikuwa laini, ya kijani.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, baba. Karibu."

Jicho lake la kulia lilikuwa limevimba, ngozi pembeni imebabuka.

"Jicho limepatwa na nini?"

"Vumbi."

"Vumbi halibabui ngozi. Utomvu wa minyaa unababua. Ng'ombe wako anakula nini?"

"Si unaona? Mabua."

"Naona mavi yake. Mabua hayatoi kijani hiki."

Mama Theodory alicheka bila kutaka. "Polisi wa siku hizi mnapekua hata mavi."

"Hayana wakili, mama."

Mama Theodory alikaa juu ya ndoo iliyofunikwa.

"Nimekata mimi. Nilianza kidogo kidogo, nyuma, ambako mlinzi haoni. Juzi nikazidisha."

"Kwa nini?"

Alimwonyesha ndama jike aliyesimama kando ya mama yake. "Huyu ni wa kopa ng'ombe, lipa ndama. Nilipewa ng'ombe, ndama jike wa kwanza lazima nimkabidhi jirani anayefuata kwenye orodha. Ni Jumapili, baada ya misa, watu wote wakitazama. Mimi nilipewa mnyama aliyenona. Nitoe huyu mbavu nje? Maziwa ya mama yake yalikuwa yamekatika."

"Ungemwomba Marcelino."

"Nilimwomba. Akanifukuza kama mbuzi."

"Yuko mahabusu. Anapoteza kazi."

"Najua. Silali." Alitazama chini. "Lakini ningemwambiaje, baba? Jirani anayefuata ni yeye; ndama mwenyewe ni wake."

Herieli aliandika maelezo yake, naye akayatia sahihi. Marcelino aliachiwa mchana huohuo, kazi yake ikiwa salama. Adrian alikubali kutofungua kesi kwa sharti kwamba Mama Theodory apande upya matete yote, kwa mkono wake.

Jioni Marcelino, akiwa na Herieli, alifika bandani kwa Mama Theodory. Alipitisha kiganja mgongoni mwa ndama, taratibu, kama anayepima kitambaa.

"Amenona."

"Kwa matete yako," alisema Mama Theodory. "Nisamehe."

"Kwa hiyo nimelala mahabusu kwa ajili ya ng'ombe wangu."

"Bado si wako," alisema Herieli. "Amekula majani ya majitaka. Jalada sijalifunga; ni kielelezo cha polisi mpaka daktari wa mifugo ampime minyoo Jumamosi."

"Na kielelezo kinalishwa na nani?" Marcelino aliuliza.

Inspekta hakuwa amelifikiria hilo.

"Basi nitakuja mimi, asubuhi na jioni," Marcelino alisema. Aliokota bua la mahindi, akamtazama jirani yake. "Kwa mabua tu, Mama Theodory. Mbavu zikionekana Jumapili, na zionekane."